Kuweka Bei ya Theluji Ambayo Haijaanguka

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Agosti, wakati joto la Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, bado linamlazimisha mtu kulala madirisha wazi, mimi na binamu yangu huketi kupanga bei ya theluji ambayo haijaanguka. Kazi yetu ni kusafisha maegesho ya magari ya maduka, zahanati na makanisa katika vitongoji vya Minneapolis, na wateja wengi hutaka mkataba uwe umetiwa saini kabla ya Oktoba. Mikataba ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kulipwa kwa kila safari: theluji ikifika sentimita tano tunatoka na pikapu zenye bamba la kusukumia, tunasafisha, tunamwaga chumvi, kisha tunaandika ankara. Ya pili ni ya malipo ya msimu mzima, kiasi kimoja kisichobadilika, iwe tumetoka usiku mara nne au usiku mara thelathini. Katika mkataba huu wa pili msimu mkavu ni neema kwetu, na msimu wa theluji nyingi unaweza kula faida yote kupitia dizeli, chumvi na ujira wa vijana wanaofanya kazi kuanzia saa nane za usiku.

Kwa sababu hiyo nimejifunza kusoma utabiri wa msimu kwa jicho la mtu ambaye fedha yake imo ndani. Nasema utabiri wa msimu, si wa wiki. Utabiri wa siku tano zijazo umekuwa mzuri kiasi kwamba tunaupangia zamu za kazi bila wasiwasi mkubwa. Lakini tangu Edward Lorenz aonyeshe katika miaka ya 1960 jinsi kosa dogo katika vipimo vya leo linavyokua hadi likafunika hesabu nzima, wanasayansi wengi wameweka ukomo wa utabiri wa siku kwa siku kwenye wiki mbili hivi. Anayekuambia mwezi wa kumi kwamba theluji itaanguka tarehe fulani ya Januari anakuuzia maneno. Utabiri wa msimu hauna habari na tarehe. Unauliza tu kama Desemba, Januari na Februari, zikichukuliwa kwa pamoja, zinaelekea kuwa za joto au za baridi, za ukavu au za unyevu, kuliko ilivyo kawaida ya mahali hapo.

Watu wa hapa wana njia zao za zamani. Kuna kiwavi mwenye manyoya, mweusi kwenye ncha zote mbili na wa kahawia katikati, ambaye upana wa mkanda wake wa kahawia husemwa kuwa unaonyesha ukali wa baridi ijayo. Kuna pia Old Farmer's Almanac, kitabu kinachochapishwa tangu 1792, ambacho kanuni yake ya kutabiri inasemekana kufungiwa katika kisanduku cheusi huko Dublin, New Hampshire. Binamu yangu hukinunua kila mwaka nami simkatazi, kwa kuwa kina mapishi mazuri. Kanuni isiyoonyeshwa, hata hivyo, haiwezi kupimwa, na jambo lisilopimika siwezi kuliwekea bei.

Taarifa ninayoitegemea hutoka kwa Climate Prediction Center, kituo cha serikali ya Marekani kilichoko College Park, Maryland, ambacho hutoa ramani mpya za msimu kila Alhamisi ya tatu ya mwezi. Lugha ya ramani hizo haitakuwa ngeni kwa msomaji aliyewahi kuisikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza mvua za vuli kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Mantiki ni ileile. Yachukuliwe majira ya baridi 30, kuanzia 1991 hadi 2020, yapangwe kuanzia yenye baridi kali hadi yenye joto, kisha yagawanywe mafungu matatu ya misimu kumi kumi. Kama hatujui lolote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Ramani inapopakwa rangi ya machungwa juu ya Minnesota na kuandikwa asilimia 50, maana yake ni kwamba nafasi ya msimu ujao kuangukia fungu la joto imepanda kutoka 33 hadi 50. Nusu iliyobaki bado ipo, na imegawanyika kati ya msimu wa kawaida na msimu wa baridi. Nimesikia watangazaji wa televisheni wakilisoma jambo hilo kwa sentensi moja tu, "msimu wa joto unakuja," na siku ya pili wateja wanaanza kupiga simu wakitaka punguzo.

Sehemu za ramani zilizoachwa nyeupe huwachukiza watu zaidi, kwa kuwa hapo kituo kinasema kwamba nafasi za mafungu yote matatu zinalingana. Mimi huziheshimu sehemu hizo nyeupe kuliko rangi zote. Mtaalamu anayekubali kuacha nafasi tupu mahali ambapo hana ishara ananipa sababu ya kumwamini mahali alipopaka rangi.

Ishara yenyewe hutoka mbali, na kubwa kuliko zote hutoka katika Bahari ya Pasifiki. Gilbert Walker, Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1904 kuongoza idara ya hali ya hewa, alikuwa akitafuta namna ya kutabiri mvua za monsuni, baada ya ukame na njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19. Alikusanya takwimu kutoka pembe zote za dunia, na katika miaka ya 1920 akaeleza jinsi mgandamizo wa hewa upande wa mashariki wa Pasifiki unavyopanda wakati ule wa upande wa Bahari ya Hindi unaposhuka, na kinyume chake. Hakuweza kueleza kwa nini. Ilibidi kusubiri hadi 1969, ambapo Jacob Bjerknes, mwanasayansi mwenye asili ya Norway aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, aliunganisha bembea hiyo ya hewa na kupanda kwa joto la maji karibu na ikweta, jambo ambalo wavuvi wa Peru walikuwa wakiliita El Niño muda mrefu kabla ya wataalamu.

Maji hayo yakipata joto, mawingu makubwa ya mvua huhama kuelekea mashariki, na joto linalotolewa na mawingu hayo hupinda mkondo wa upepo mkali unaopita juu sana angani. Wakati wa El Niño mkondo huo huimarika juu ya kusini mwa Marekani, na majimbo ya kaskazini kama letu mara nyingi hubaki na hewa isiyo na ukali. Wakati wa La Niña, maji yakiwa ya baridi, mkondo hujikunja na kuteremsha hewa ya Kanada hadi kwetu. Kipimo kinachotumika ni joto la uso wa bahari katika eneo moja la katikati ya Pasifiki, na nusu nyuzi ya Selsiasi juu au chini ya kawaida inatosha kuanza mjadala. Nusu nyuzi. Mtu anayeoga hawezi hata kuihisi, lakini ikienea juu ya maelfu ya kilomita za bahari inahamisha baridi ya bara zima.

Wataalamu walichelewa kuitambua El Niño kubwa ya 1982-83 hadi ilipokuwa imeshapevuka, kwa sehemu kwa sababu vumbi la mlima wa volkano wa El Chichón nchini Mexico lilikuwa limeharibu vipimo vya setilaiti. Fedheha hiyo ilizaa mtandao wa maboya takriban 70 yaliyotiwa nanga kando ya ikweta, uliokamilika mwaka 1994, yanayopima joto la maji hadi mita mamia kadhaa chini. Kwa hiyo leo, ikifika Agosti, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona kama maji ya baridi yamejikusanya chini ya uso wa Pasifiki yakisubiri kupanda.

Hapo ndipo miaka iliyopita inapoingia. Njia rahisi ya kutabiri msimu ujao, na inayotumiwa na watu wengi nje ya ofisi za serikali, ni kutafuta miaka ambayo hali yake ya Agosti na Septemba ilifanana na ya mwaka huu, kisha kuangalia majira ya baridi ya miaka hiyo yalikuwaje. Wanaofanya kazi hii huiita miaka hiyo shabihi. Unachukua La Niña dhaifu zenye mazingira fulani, unapata miaka mitano au sita, unatafuta wastani wake, unachora ramani. Inapendeza macho, inaeleweka na kila mtu, na ina harufu ya uzoefu wa wazee wanaosema, "mwaka huu unanikumbusha mwaka ule."

Ngoja niioneshe kwa karibu, kwa takwimu za Minneapolis na Saint Paul, ambako wastani wa theluji kwa msimu ni takriban sentimita 130. Msimu wa 2010-11 ulikuwa wa La Niña. Theluji ilifika karibu sentimita 220, na mnamo 12 Desemba 2010 paa la kitambaa la uwanja wa Metrodome, lililokuwa likishikiliwa na shinikizo la hewa, lilichanika kwa uzito na kumwaga theluji uwanjani. Mechi ya mpira wa Kimarekani iliyopangwa kuchezwa hapo ikahamishiwa Detroit. Msimu uliofuata, 2011-12, ulikuwa pia wa La Niña. Theluji haikufika sentimita 60, na Machi ya 2012 ikawa ya joto kuliko Machi yoyote iliyowahi kurekodiwa hapa. Bahari ileile, jina lilelile, miaka miwili iliyofuatana. Ukitafuta wastani wa misimu hiyo miwili unapata karibu sentimita 140, yaani msimu wa kawaida kabisa, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliokaribia hapo. Mtu aliyepanga bei ya msimu kwa wastani huo angepata hasara ya kutisha mwaka wa kwanza na faida ya kumfanya ajione bingwa mwaka wa pili, ilhali utabiri wake ulikuwa mbovu kwa kiwango kilekile mara zote mbili.

Ukiongeza La Niña nyingine kwenye orodha mambo hayanyooki. Ile ya 2016-17 ilileta theluji chache. Ya 2017-18 ilileta nyingi, ikiwemo dhoruba kubwa ya katikati ya Aprili, wakati watu walishaanza kutoa viti vya bustani. Ya 2022-23, iliyokuwa ya tatu mfululizo, ilifikisha zaidi ya sentimita 225 na kuwa msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Orodha hiyo inaelemea upande wa theluji nyingi, siwezi kukana, lakini upana wake ndio unaonishughulisha.

Kwa nini miaka inayofanana baharini haifanani angani? Kwa sababu Pasifiki ni sauti moja kati ya nyingi. Kuna kipimo ambacho wataalamu hukiita AO, kinacholinganisha mgandamizo wa hewa wa eneo la Aktiki na ule wa latitudo za kati. Kikiwa chanya, baridi hubaki imefungiwa kaskazini. Kikiwa hasi, mlango hufunguka. Desemba ya 2010 kilikuwa hasi sana, na Desemba ya 2011 kilikuwa chanya. Majira ya baridi ya 2009-10 yalikuwa ya El Niño, lakini AO iliporomoka hadi kiwango cha chini kisichowahi kurekodiwa kwa msimu mzima, na Washington ikafukiwa na theluji Februari 2010. Tatizo ni kwamba mwezi wa nane hakuna anayejua AO itakuwaje mwezi wa kwanza, wakati Pasifiki huonyesha dalili zake mapema.

Kwa miaka mingi kumekuwa na jitihada za kutafuta kitu kinachoitawala AO. Judah Cohen, mtafiti wa Marekani, alipendekeza kwamba kasi ya theluji kuenea Siberia mwezi wa Oktoba ni dalili ya kudhoofika kwa upepo wa Aktiki miezi miwili au mitatu baadaye. Uhusiano huo ulionekana imara katika takwimu za miongo fulani, kisha katika miaka ya karibuni ukalegea. Sisemi ni wa uongo. Nasema tu kwamba mtu akichambua dalili mia moja dhidi ya majira ya baridi arobaini, kadhaa zitaonekana kufanya kazi kwa bahati tu, na hakuna namna ya kuzitambua isipokuwa kusubiri.

Dalili nyingine, upepo wa juu kabisa wa tropiki, inanigusa kwa sababu historia yake inapita nyumbani, Afrika Mashariki. Mwaka 1883 mlima Krakatoa ulipolipuka, vumbi lake liliizunguka dunia karibu na ikweta likielekea magharibi, ikaaminika kwamba upepo wa juu kabisa wa tropiki hutoka mashariki daima. Kisha mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alikuja Afrika Mashariki na msafara wa wanasayansi, akarusha maputo yenye vipimo juu ya Ziwa Victoria, na kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 15 akakuta upepo unaotoka magharibi. Kwa nusu karne vitabu viliziweka pepo hizo mbili pamoja, moja juu ya nyingine, kana kwamba zote zilikuwa za kudumu. Ni karibu na 1960 tu ambapo Mmarekani Richard Reed na Mwingereza R. A. Ebdon, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba ni upepo mmoja unaogeuka: hutoka mashariki kwa mwaka mmoja na ushei, kisha hutoka magharibi, na mzunguko wote huchukua takriban miezi 28. Berson alikuwa amekuta zamu ya magharibi.

Upepo huo hugeuka kwa utaratibu kuliko karibu kitu kingine chochote angani ukiondoa usiku na mchana na majira ya mwaka, ndiyo maana watabiri wa msimu wanaupenda: mwezi wa nane unaweza kukadiria utakuwa zamu gani mwezi wa kwanza. Mwaka 1980 James Holton na Hsiu-Chi Tan walionyesha kwamba unapovuma kutoka mashariki, voteksi ya Ncha ya Kaskazini, yaani ule upepo unaozunguka Aktiki kwenye stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya mawingu ya kawaida, wakati wa baridi, huelekea kuwa dhaifu. Kwa hiyo hewa iliyo juu ya Ziwa Victoria ina neno lake katika swali la kama nitaagiza tani za ziada za chumvi huku Minnesota. Lakini mwaka 2016 hata saa hiyo ilikwama: upepo wa mashariki ulijitokeza katikati ya zamu ya magharibi, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu vipimo vya mfululizo vianze mwaka 1953.

Voteksi ikivunjika, matokeo yanaweza kuwa makali. Mwanzoni mwa Januari 2019 stratosfia juu ya Aktiki ilipata joto la ghafla na voteksi ikagawanyika. Wiki nne hivi baadaye, tarehe 30 Januari, asubuhi ya Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na posta ikasimamisha usambazaji wa barua katika jimbo zima. Baridi ya namna hiyo haituletei kazi nyingi, kwa kuwa theluji huwa haba na chumvi ya kawaida huacha kuyeyusha barafu. Inatuletea tu betri zilizokufa na mipira ya hidroliki iliyopasuka. Hakuna orodha ya miaka shabihi iliyotengenezwa Agosti 2018 ambayo ingeweza kuiona asubuhi ile.

Huug van den Dool, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo kilekile cha Maryland, aliwahi kulipiga hesabu swali hili. Aliuliza mwaka 1994: ni lazima tuweke kumbukumbu kwa muda gani ili tupate siku moja ya zamani ambayo hali yake ya hewa juu ya nusu nzima ya kaskazini ya dunia inafanana na ya leo, kiasi kwamba tofauti zisizidi makosa ya vipimo? Jibu lilikuwa miaka 1 ikifuatwa na sifuri 30. Sisi tuna kumbukumbu nzuri za bahari na anga kwa miaka 70 au 80. Hata hivyo van den Dool hakuitupa njia hiyo. Badala ya kumtafuta pacha mmoja, alipendekeza kuichanganya miaka yote iliyopo, kila mmoja kwa uzito wake, mwingine hata kwa uzito hasi, hadi mchanganyiko ulingane na hali ya sasa, kisha mchanganyiko huohuo usogezwe mbele miezi kadhaa. Kwa joto la bahari njia hiyo imeshindana na modeli kubwa za kompyuta bila aibu.

Mfano mchungu kuliko yote wa kuitegemea miaka iliyopita unatoka vitani. Franz Baur alikuwa mtabiri wa muda mrefu aliyeheshimika sana Ujerumani. Majira ya baridi ya 1939-40 na ya 1940-41 yalikuwa makali Ulaya. Alipotakiwa kutabiri ya 1941-42, jeshi likiwa ndani ya Urusi, Baur alitazama kumbukumbu ndefu za Ulaya na kuona kwamba majira makali hayakuwa yamefuatana zaidi ya mara mbili. Akatabiri majira ya kawaida au ya wepesi. Yalikuja kuwa miongoni mwa majira makali kuliko yote ya karne ya 20, huku joto karibu na Moscow likishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na askari wakiwa na mavazi ya msimu mwingine. Si kwamba utabiri wake pekee ndio uliowagandisha. Mipango ya vita yenyewe ilidhani kazi ingekwisha kabla ya baridi. Lakini hoja yake inastahili kuchunguzwa, kwa sababu naisikia hadi leo: "Haijawahi kutokea." Kumbukumbu ya karne moja na nusu inaonekana ndefu hadi ukumbuke kwamba inakupa mifano michache mno ya majira makali mawili mfululizo, na kutokana na hiyo huwezi kutunga sheria. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba Pasifiki ilikuwa katika El Niño iliyodumu isivyo kawaida, kuanzia 1939 hadi 1942. Kulikuwa na sababu ya baridi hizo kufuatana, na sababu hiyo haikuwa katika daftari za Ulaya.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalo somo hilohilo kwa upande wa mvua. Mafuriko ya 1997-98 yalilifanya jina El Niño liwe la kila kijiji, na mwaka 2015, El Niño nyingine yenye nguvu kama ile ilipotangazwa, watu walisubiri gharika ambayo katika sehemu nyingi haikufika kwa kiwango kilichohofiwa. Kisha mwishoni mwa 2019 Pasifiki ikiwa imetulia, mvua zikamwagika kupita kiasi kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wetu na baridi upande wa Indonesia. California nayo ilipigwa vivyo hivyo kwa kinyume: ilitarajia mvua kubwa za El Niño mwaka 2015-16 na Los Angeles ikabaki kavu, halafu La Niña ya 2022-23, iliyotakiwa kuleta ukavu, ikaleta mafuriko hadi Ziwa Tulare lililokuwa limekauka likarudi juu ya mashamba.

Kuna jambo moja zaidi linaloiharibu orodha ya miaka shabihi, nalo halihusu bahati. La Niña ya 1955 ilitokea katika dunia yenye ubaridi zaidi kuliko ya leo. Ukiiweka kwenye wastani wako bila kuirekebisha unaingiza baridi ambayo haipo tena. Majira ya baridi ndiyo yanayopata joto kwa kasi zaidi hapa Minnesota, hasa usiku, na sehemu kubwa ya ustadi wa utabiri wa kisasa wa msimu hutokana na kuufuata mwelekeo huo tu. Msimu wa 2023-24 El Niño yenye nguvu iliangukia juu ya mwelekeo huo, na ishara zote zikakubaliana. Yakawa majira ya baridi yenye joto kuliko yote katika kumbukumbu za Marekani bara. Mwishoni mwa Desemba watu zaidi ya 100 waliokuwa wakivua samaki juu ya barafu ya Upper Red Lake walilazimika kuokolewa baada ya kipande cha barafu kumeguka na kuelea nao. Februari, mbio za ski za Birkebeiner huko Wisconsin ziliendeshwa kwenye duara la kilomita 10 la theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Sehemu kubwa ya theluji tuliyopata ilianguka mwishoni mwa Machi, wakati wenzetu kadhaa walikuwa wameshafungua mabamba na kuyaweka ghalani.

Mwaka ambao huwa nauweka mezani kama kinga dhidi ya ujasiri ni 2013-14. Pasifiki haikuwa na ishara yoyote. Tarehe 6 Januari 2014 Gavana Mark Dayton alifunga shule za jimbo zima kwa sababu ya baridi, na kabla ya msimu kwisha Minneapolis ilikuwa imehesabu zaidi ya siku 50 ambazo joto lilishuka chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mavuno ya mahindi yalikuwa yamechelewa na kuloa, wakulima wakatumia gesi nyingi ya propani kuyakausha, na bomba la Cochin lililokuwa likileta gesi hiyo kutoka Kanada lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Januari bei ya propani ilipaa, na wanaoishi vijijini wakaanza kuhamia chumba kimoja ili wapashe joto nyumba nusu. Waliokuwa wamelipia gesi yao tangu kiangazi walilala salama, na hawakuwa wametabiri chochote. Walikuwa wamekataa tu kuiachia bei iamuliwe na Januari.

Mikataba yetu sasa inaandikwa hivyo. Orodha ya La Niña na El Niño ninaitumia kupata kingo mbili, siitumii kupata jibu. Katika mwaka wa La Niña kingo zangu ni 2011-12 upande wa chini na 2022-23 upande wa juu, na kila mkataba wa msimu una sakafu na dari ndani ya kingo hizo: theluji isipofika sentimita 75 mteja hurudishiwa sehemu ya fedha yake, ikizidi sentimita 180 tunalipwa kwa kila safari ya ziada. Asilimia za Climate Prediction Center hunisaidia kuamua niipandishe dari kidogo au niishushe, na kiasi gani cha chumvi ninunue Septemba kwa bei ya chini badala ya kusubiri Januari. Mzee mmoja wa kanisa, mteja wetu wa siku nyingi, aliwahi kuniuliza kwa nini simwambii tu kama mwaka huu kutakuwa na theluji. Nilimsomea kipengele cha sakafu na dari, akakisoma mwenyewe mara ya pili, kisha akaniuliza kama sakafu inaweza kupandishwa hadi sentimita 90. Tukakubaliana 80.